Mabadilishano ya vijana ya Erasmus+ nchini Moldova: safari nzuri, usukani wa mwenzako

Kijana wa Moldova anaruhusiwa karibu kila kitu katika mabadilishano ya vijana ya Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya inayokutanisha vikundi vya vijana wa nchi mbalimbali: kusafiri, kupokea wageni, kuongoza kikundi, hata shughuli nzima kufanyika kijijini kwao. Asasi yake ndiyo isiyoruhusiwa kuomba fedha. Nchi ilipewa hadhi ya mgombea wa Umoja wa Ulaya Juni 2022 na mazungumzo ya kujiunga yakafunguliwa Juni 25, 2024, lakini katika mwongozo wa programu wa 2025 bado imewekwa kwenye kundi la majirani wa mashariki. Mwombaji lazima asajiliwe ndani ya Umoja au katika nchi iliyojiunga rasmi na programu. Serbia ilivuka mstari huo 2019 na ina wakala wake wa kusimamia programu Belgrade. Asasi ya Cahul au Soroca, miji ya Moldova, kwa upande wake, inabisha hodi kwa mwenzake wa Romania au Poland, na ruzuku inaingia kwenye akaunti ya huyo mwenzake.

Katika nyota tano tunazoweza kuipa programu hii, hapo ndipo tunapoikata ya kwanza. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na kwenye miradi hii kisu ni mkataba wa ruzuku. Mgogoro wa kawaida ni tiketi. Mwombaji kwa desturi hupokea asilimia 80 mwanzoni na salio baada ya ripoti ya mwisho, kisha huwaambia vijana wa Moldova wajinunulie tiketi warudishiwe baadaye. “Baadaye” hiyo hugeuka miezi, na wa vijijini hujiondoa kimyakimya kabla hata ya kusema sababu. Dawa yake ni karatasi mbili zenye sahihi kabla fomu haijatumwa: nani ananunua tiketi, fedha zinarudi baada ya siku ngapi, nani anatunza orodha ya mahudhurio. Mwenzako akikataa kuandika kwamba atanunua tiketi yeye mwenyewe, tafuta mwingine.

Kwa idadi, masharti ni mepesi kuyasoma na mepesi kuyavunja. Washiriki ni 16 hadi 60 bila kuhesabu viongozi wa vikundi, wenye umri wa miaka 13 hadi 30, kwa siku 5 hadi 21 bila kuhesabu siku za safari. Kila kikundi kiwe na watu wasiopungua 4, na kiongozi wake awe ametimiza miaka 18. Wanaobana matumizi hupanga nchi nne zenye wanne wanne, jumla 16 barabara. Mmoja akiugua asubuhi ya safari, kikundi kinabaki na watatu na mradi na kumi na tano. Sharti mbili zimevunjika kwa homa moja. Panga sita kwa kila nchi. Kumbuka pia kwamba kinachohesabiwa ni makazi: kijana wa Chișinău, mji mkuu, mwenye pasipoti ya Romania bado ni wa kikundi cha Moldova.

Kwa wenye umri chini ya miaka 18, anzeni mapema na ridhaa ya mzazi iliyothibitishwa kwa mthibitishaji wa nyaraka, kwa maana mpakani ndiyo itakayoulizwa. Wazazi wengi wa Moldova wanafanya kazi nje ya nchi, na sahihi ya mama aliye Italia haipatikani Ijumaa jioni.

Kosa lingine dogo lenye gharama ni umbali. Posho ya safari hupimwa kwa kikokotoo cha Tume ya Ulaya, kwa mstari ulionyooka wa kwenda tu, na kiasi kinachotoka tayari ni cha kwenda na kurudi. Chişinău hadi Iași ya Romania kwa barabara ni zaidi ya kilomita 120, lakini kwa mstari ulionyooka ni chini kidogo ya 100, hivyo safari huangukia kwenye daraja la kilomita 10 hadi 99. Aliyekadiria kwa ramani ya barabara hujikuta na bajeti yenye pengo kwa kila kichwa. Mkisafiri kwa basi au treni, chagueni daraja la usafiri wa kijani na mtunze tamko lenye sahihi za msafiri na asasi iliyomtuma.

Mizunguko ya maombi huwa Februari na Oktoba, na dirisha hufungwa saa 6 mchana ya Brussels, yaani saa 7 mchana ya Chişinău. Hiyo saa moja ya ziada isiwadanganye. Fomu hugoma kupokelewa kwa sababu ndogondogo: namba ya usajili wa mshirika haijaingizwa, au ratiba ya siku kwa siku haikuambatishwa.

Ratiba hiyo ndiyo inayopimwa zaidi ya yote. Alama ni 30 kwa umuhimu wa mradi, 40 kwa jinsi ulivyopangwa na 30 kwa uendeshaji. Chini ya 60 hupati kitu, na kila sehemu inataka angalau nusu. Tunachokiona kibovu katika miradi mingi yenye neno “Ulaya” kwenye jina ni siku tatu za mihadhara kuhusu taasisi za Brussels, na vijana wamekaa safusafu kama wanangoja matokeo ya mtihani. Mradi unaosimama huchukua jambo linalogusa mtaa, tuseme dampo la taka, ukaliunganisha na sura ya 27 ya mazungumzo ya kujiunga na Umoja, ile ya mazingira. Siku ya pili vijana wanalipima dampo, siku ya nne wanaandika mapendekezo, siku ya sita wanayapeleka kwa meya. Hilo la meya linapaswa kuwa kwenye fomu, na tarehe yake. Programu haina njia yoyote rasmi ya kuyafikisha mapendekezo hayo kwenye meza ya mazungumzo ya uanachama, na hiyo ni nyota ya pili tunayoikata.

Kikosi cha Mshikamano cha Ulaya (European Solidarity Corps), programu ya kujitolea kwa wenye miaka 18 hadi 30, inafaa kwa anayetaka kukaa muda mrefu, miezi 2 hadi 12. Wamoldova wenye pasipoti za kibayometriki huingia Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, bila viza tangu 2014, ila kwa siku 90 tu ndani ya 180, hivyo anayekwenda miezi sita aanze mapema kushughulikia kibali cha ukaazi. Miradi ya mshikamano, ile inayobuniwa na vijana watano kwenye mtaa wao wenyewe, haijafunguliwa kwa Moldova. Hiyo ndiyo ingewafaa kuliko zote.

Nyota tatu zilizobaki zinastahili. Gharama za washiriki wenye mahitaji maalumu hulipwa kwa asilimia 100 zikielezwa vizuri kwenye ombi, cheti cha Youthpass, kinachoonyesha kijana alichojifunza, hutolewa bure, na asasi inayoanza kama mshirika hujifunza ukurasa kwa ukurasa jinsi fomu inavyojazwa. Baada ya shughuli kila mshiriki hutumiwa dodoso kwa barua pepe, na mara nyingi huishia kwenye kapu la barua taka. Waambieni wafungue simu na kulijaza wakiwa bado wote ukumbini.