Uzoefu wangu: wanafunzi utakaokutana nao katika chuo kikuu binafsi mjini Iringa

Vijana waliomaliza kidato cha sita, pamoja na wazazi wao, huniuliza sana kuhusu ada, kozi na mabweni ya chuo nilichosoma. Ni wachache wanaouliza watasoma na watu wa namna gani, ilhali mwanafunzi hukaa na wenzake muda mrefu kuliko anavyokaa na wahadhiri. Nilisoma shahada ya ualimu katika chuo kikuu cha kanisa mjini Iringa, na kati ya yote niliyoyapata pale, wanafunzi wenzangu ndio walionifaa zaidi.

Husemwa mitaani kwamba vyuo binafsi ni vya watoto wa matajiri waliofeli. Kwa upande wa kufeli, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) imeweka kiwango cha chini cha kuingilia kinachovihusu vyuo vya umma na vya binafsi kwa pamoja: anayetoka kidato cha sita anatakiwa awe amefaulu vizuri masomo mawili yanayohusiana na kozi anayoomba, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Kwa upande wa utajiri, darasani kwetu waliojaa ni watoto wa wakulima wa mahindi wa Ismani, wa viazi mviringo na parachichi wa Njombe, wa chai wa Mufindi na wa mpunga wa Mbarali. Wengi walikuwa wanufaika wa Bodi ya Mikopo, na bumu, yaani fedha za kujikimu zitokanazo na mkopo, likichelewa kila mtu alijua, kwa sababu mlo wa mchana uligeuka kuwa chai na maandazi, na waliopanga mageto (vyumba vya mtaani) Kihesa walianza kupika sufuria moja kwa vyumba viwili au vitatu. Watoto wa watu wenye uwezo walikuwepo, lakini sikuona wakijitenga, wala mavazi na simu havikuwa kipimo cha mtu kama nilivyokuwa nimeogopeshwa.

Lililonishangaza ni umri. Mbali na sisi tuliotoka moja kwa moja shuleni, au kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), darasa lilikuwa na walimu kazini waliopata ruhusa ya masomo kutoka kwa wakurugenzi wa halmashauri zao, watu wenye watoto wanaokaribia kuingia chuo wenyewe. Wiki za mwanzo hatukujua tuwaamkieje. Mwishowe kila mmoja akawa Mwalimu, Mama au Baba, na ilikuwa kawaida kumsikia kiongozi wa darasa akimpa shikamoo mwanafunzi mwenzake kabla ya kumdai karatasi ya mahudhurio.

Faida yake niliiona tulipokuwa tunajiandaa kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Mama mmoja wa kundi letu, mwalimu wa shule ya msingi kutoka Makete, alituomba tumpelekee maandalio yetu ya somo ayapitie. Langu alilishika, akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, na kwenye lengo mahususi nililoandika kwamba mwanafunzi “aelewe sababu za Vita vya Majimaji” akalikata neno moja tu. “Mwanangu, utamwonaje mtoto kwamba ameelewa? Andika aweze kutaja sababu tatu, hapo utampima.” Kisha akahesabu dakika nilizozigawa kwa kila hatua, akakuta zimezidi kipindi, akanirudishia. Mambo hayo tulikuwa tumefundishwa darasani na nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari, lakini kuyasikia kwa mtu aliyesimama mbele ya watoto miaka mingi, akikaa nami benchi moja na kuhangaikia mtihani uleule, kulinipa uhakika ambao hakuna desa, yaani karatasi za kujisomea, lingenipa. Sisi nasi tuliwasaidia kwenye kompyuta, hasa kuchapa kazi za kundi na kutafuta makala za utafiti kwenye intaneti, na sikumwona mtu mzima aliyeona haya kufundishwa na kijana.

Chuo ni cha kanisa lakini wanafunzi ni wa dini zote. Walikuwepo akina dada wa hijabu darasani, na vipindi vya Ijumaa mchana vilipogongana na sala, wahadhiri wengi walielewa. Vikundi vya dini vya wanafunzi kama TMCS (Wakatoliki), USCF (Waprotestanti) na CASFETA (Wapentekoste) vina nguvu sana, pengine kuliko vyama vya kozi, na mwanafunzi mpya asiyemjua mtu mjini ndiko anakopata ndugu haraka. Asiyependa mikusanyiko ya namna hiyo atachukua muda kidogo kuzoea, kwa kuwa disko na kelele za usiku ni chache, na ile baridi ya Juni na Julai huwafungia watu vyumbani mapema.

Kasoro inayoniuma hadi leo inahusu ada. Vyuo binafsi huendeshwa zaidi kwa ada, kwa hiyo kwetu asiyemaliza kulipa hakuruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho wa semista. Wiki ya mwisho foleni ilikuwa ofisi ya uhasibu badala ya maktaba, na waliosimama pale, wameshika risiti za benki, walikuwa wale ambao baba zao walikuwa wanasubiri kuuza mahindi. Darasa lilichanga. Kiongozi wa darasa (CR) alipitisha daftari, kila mtu akaandika alichoweza, na wapo waliofanya mtihani kwa sababu ya daftari lile. Hata hivyo wapo waliokosa, wakaahirisha mwaka, na baadhi yao hawakurudi. Uongozi ungeweza kupanga awamu za malipo kwa kufuata majira ya mavuno ya ukanda huu, na serikali ya wanafunzi ingepaswa kulidai jambo hilo kwa nguvu kuliko ilivyofanya wakati wetu.

Anayefikiria kuomba nafasi chuo cha aina hii, nyanda hizi, namshauri afike siku ya kawaida ya masomo, akae nje ya maktaba au kwenye mgahawa wa wanafunzi, azungumze na wa mwaka wa pili na wa tatu, na awaulize mambo mawili: wanasoma na nani jioni, na ada ilipowabana nani aliwasaidia.