Casio fx-82MS kwa mazoezi ya takwimu: inafaa, lakini isimamie

Wengi wanaonunua kalkuleta hii Darajani (Unguja) au Chake Chake (Pemba) huishia kujumlishia na kutafutia sine, na sehemu ya takwimu haiguswi mpaka mwalimu aitaje. Kwa mwanafunzi wa skuli anayeanza wastani na mkengeuko sanifu (kipimo cha namna namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani), hii inamtosha. Hana haja ya kutoa pesa zaidi kwa modeli kubwa. Ila ina vituko vyake.

Chukua hesabu ya shamba la karafuu. Wachumaji saba wamepima jioni: pishi 4, 5, 5, 6, 6, 7 na 16. Bonyeza MODE, kisha 2, na SD (kifupi cha mkengeuko sanifu kwa Kiingereza) itatokea juu ya kioo. Kabla ya kuingiza chochote, futa: SHIFT, MODE, 1, =. Hapa ndipo wanapoangukia wengi, kwa sababu namba za hesabu iliyopita huwa bado zimo, na kalkuleta haikwambii kitu. Ingiza 4, bonyeza M+ (kitufe hichohicho ndicho DT). Kioo kiseme n=1, yaani imeingia namba moja. Kikisema n=8, umechanganya mashamba mawili.

Tano zipo mbili, basi: 5, SHIFT, koma, 2, M+. Bila SHIFT utapata koma tu, si nukta mkato inayotenganisha namba na idadi yake. Sita nazo vivyo hivyo. Jihadhari na kidole kizito: M+ ikibonyezwa mara mbili, namba ileile inaingia tena. Na ukibonyeza = badala ya M+, haiingii kabisa. Mwisho n lazima iwe 7.

Majibu yako SHIFT 2. Ukichagua 1 na =, wastani ni 7. Ukichagua 2, mkengeuko ni 3.78, ukichagua 3, ni 4.08. Tofauti hiyo si hitilafu ya mashine: chaguo la 2 linagawanya kwa 7, la 3 kwa 6. Kama hao saba ndio wachumaji wote wa shamba, chukua la 2. Kama ni sampuli tu ya wachumaji wengi, chukua la 3.

Mediani (namba ya katikati zikipangwa kwa ukubwa) haitoi, wala modi (inayojirudia zaidi). Wapo wanaoilaumu kwa hilo. Kwa anayejifunza, ni afadhali. Zipange kwa mkono, hesabu mpaka ya nne: 6. Sasa jiulize kwa nini wastani ni 7 wakati wachumaji watano kati ya saba hawakufika hapo. Rudi kwa mshale hadi ionekane x5=16, kisha SHIFT, M+ kuifuta. Wastani unashuka hadi 5.5, lakini tazama mkengeuko: kutoka 3.78 hadi 0.96. Mchumaji mmoja tu! Mediani imetoka 6 ikawa 5.5, haikutikisika sana. Zoezi hili moja linafundisha kuliko kurasa nzima za fomula.

Kwa mtihani wa Basic Mathematics wa kidato cha nne usiitegemee, kwani kalkuleta hairuhusiwi. Mwenye Advanced Mathematics kidato cha sita huingia nayo.

Za bandia zimejaa. Mpigie muuzaji hesabu hii ya pishi papo hapo dukani. Akikataa kufungua boksi, nenda duka la pili.