Uzoefu wangu: nililipia hoteli Zanzibar kwa bei isiyorudishwa, mume akapasuliwa kidole tumbo

Naanza na nyota kabisa ili mwenye haraka achukue aende zake. Hoteli nyota nne. Apu niliyobukia nyota mbili, na hiyo ya pili nimewapa kwa sababu tu pesa mwishowe ilirudi. Benki yangu sina cha kuwapa wala cha kuwanyima. Majina siyataji, apu ni moja ya zile kubwa ambazo karibu kila mtu anayo kwenye simu, na hoteli nimeificha makusudi maana wamenifanyia uungwana, sitaki kesho wajaziwe wasapu na watu ambao hata hawaumwi.

Ishu yenyewe ilikuwa hivi. Tulipanga Jambiani, kulala siku nne, mimi na baba watoto tu, watoto wanabaki kwa bibi yao Mbagala. Apu ikaniletea bei mbili za rumu ileile, kitanda kilekile, chai ya asubuhi ileile. Ya kwanza unaruhusiwa kukanseli bure mpaka karibu na tarehe, 1,400,000. Ya pili ukilipa umelipa, 1,190,000. Tofauti 210,000, yaani asilimia 15, hiyo ni nauli ya boti ya watu wawili kwenda na kurudi na chenji ya pweza inabaki. Nikachukua ya pili, na hata leo naona hesabu ilikuwa sawa tu, likizo imeshasainiwa, boti imeshakatwa, laki mbili nzima ya kununulia wasiwasi ya nini?

Safari ikiwa imekaribia kabisa mzee akaanza kulalamika tumbo, akalala nalo akisema ni chipsi za barabarani, kulivyokucha hawezi hata kunyooka, tukakimbizana hospitali wakampiga ultrasaundi wakasema kidole tumbo hicho, na giza halijaingia vizuri yuko tiyeta. Ametoka salama, alhamdulillah. Ila jamani nisiwadanganye, nimekaa pale kwenye benchi namuombea dua mume wangu na huku kichwani milioni moja na ushee inazunguka, unajiona mchoyo wa kutupwa.

Sasa ndani ya apu kuna kitufe cha kukanseli, kiko wazi kabisa, ukikifungua inakuandikia gharama ya kukanseli 1,190,000, utarudishiwa 0. Sikukigusa. Kuna dada nafanya naye kazi, zamani alikuwa risepsheni hoteli moja Unguja, nilimpigia palepale hospitali akaniambia usikibonyeze hicho hata kwa bahati mbaya, ukishathibitisha ni kama umesaini kwamba umekubali kukatwa yote, mfumo unafunga hesabu, rumu inarudi sokoni, na hapo hata meneja akiingiwa na huruma inakuwa kazi kuirudisha nyuma. Akasema na kukaa kimya pia usijaribu, kuna watu wanaona aibu wanaacha tu, basi usipotokea siku ya kwanza unaandikwa hujafika na mara nyingi siku zote zilizobaki zinafutwa, hata mgonjwa akipata nafuu mkavuka kesho yake mnakuta rumu ina Mtaliano. Andika ujumbe kabla ya saa ya kuingia, kwenye chati ya bukingi yenyewe, ili saa na tarehe zibaki pale hakuna wa kubisha, halafu ndio uanze kupiga simu. Nikafanya hivyohivyo.

Kastama kea wa apu sasa. Kila ukipiga unapata mtu mpya na unaanza stori upya kuanzia tumbo. Ni wapole, sitawasingizia, pole nimepewa za kutosha. Lakini jibu ni moja tu, sera ni ya hoteli, sisi tunaunganisha, tutawatumia ombi. Nikiwapigia hoteli, yule kaka wa zamu ya usiku ananiambia dada pesa yako sisi hatuna, iko kwa apu. Nikarudi apu, hoteli haijajibu. Nikarudi hoteli, ombi gani? Nilikuwa nimeshaanza kuamini kuna mmoja ananidanganya.

Kumbe wote walikuwa wanasema kweli, na hapa ndio nataka mnielewe vizuri maana ndio ufunguo wa kila kitu. Ukilipa kupitia apu, pesa inatoka kwenye kadi yako siku unayobuki, lakini mara nyingi haiendi hotelini siku hiyo. Hoteli wanatumiwa kadi ya kimtandao, namba tu, na hiyo kadi hawawezi kuikata mpaka tarehe ya mgeni kuingia ifike au ikaribie. Kwa hiyo kabla ya tarehe kweli hawana shilingi yako. Ila mwenye kauli ya kusamehe ni wao, ombi linaingia kwenye mfumo wao, wakikubali apu inakurudishia, wakikataa au wakilipuuza mpaka tarehe ikapita basi kimeisha. Pesa anayo mmoja, ruhusa anayo mwingine. Na ombi lenyewe linatua kwenye imeili ya hoteli katikati ya imeili nyingine chungu nzima, wikiendi, Februari, kisiwa kimejaa watu wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, nani ataiona?

Halafu ikaja habari ya makaratasi. Apu wakataka uthibitisho wa hospitali, sawa, nikapiga picha karatasi ya kulazwa yenye muhuri na ED ya mzee, ile ya daktari ya kupumzika kazini, mambo yake mengine ya ndani nikayafunika kwa karatasi kwa sababu hayawahusu. Jibu likaja kwamba jina la mgonjwa halifanani na jina la bukingi. Ni kweli, bukingi ni yangu, apu ilipouliza inataka jina la mgeni mkuu tu, mgeni wa pili ni namba, watu wazima 2. Wakaomba uthibitisho wa uhusiano. Yaani mimi nimeolewa na huyu mtu miaka yote hii, mama mkwe mwenyewe hajawahi kuniuliza cheti, leo nawasha simu usiku namwambia mdogo wangu aende kwangu afungue droo apige picha cheti cha ndoa akitume kwa apu. Nikatuma. Tangu hapo nikibuki chochote naandika majina ya wote hata kama hawajaomba, kuna sehemu ya maelezo ya ziada, unaandika hapo.

Kilichonitoa ni hoteli, na siyo kwa imeili. Asubuhi nikapiga nikaomba mtu wa bukingi, siyo risepsheni, nikapewa namba ya wasapu ya dada mmoja Mzanzibari, sauti ya taratibu kabisa. Kabla sijasema lolote la pesa:

"Mgonjwa hajambo?"

"Hajambo kiasi dada, ameshaanza kunywa uji."

"Alhamdulillah. Sasa bibie niambie, tulitazameje hili?"

Hapo nilikuwa nimeshajipanga. Sikumwambia nirudishieni pesa yangu, kwa sababu ukiomba pesa unamweka mtu kwenye kona, anachoweza kukupa ni ndiyo au hapana na hapana ni rahisi zaidi. Nikamwambia dada mimi kuja nataka, ila siyo wiki hii, mtu ana nyuzi tumboni hawezi kupanda boti, nipeni tarehe nyingine. Akanyamaza kidogo akaniuliza nyie wakazi? Nikamwambia ndiyo, Dar.

Hii bei ya mkazi wengi hatuiulizi. Hoteli nyingi Zanzibar zina bei nafuu ya wakazi, yaani sisi tunaoishi Tanzania, ukiwapigia wenyewe, na kwenye apu huikuti. Na wao kuna kitu wanaokoa, apu inakula kamisheni yake, dada wa kazini anasema huwa ni asilimia 15 na wengine zaidi. Piga hesabu kwenye 1,190,000 yangu, toa 178,500, hoteli inabaki na 1,011,500. Yule dada akanipa mwanzoni mwa Juni, mvua za masika zimeshakata na msimu mkubwa haujashika, siku zilezile nne kwa 1,100,000 nikilipa kwao moja kwa moja, nusu iwe advansi. Mimi nalipa pungufu ya nilivyolipa apu, wao wanapata zaidi ya ambavyo apu ingewaachia. Na ile rumu ya Februari alishajua ataiuza tena ndani ya siku hiyohiyo.

Hilo la mwisho watu wanalielewa kinyume. Tunadhani msimu umejaa ndio hoteli itakuwa na roho ngumu. Mimi naona afadhali ugue wakati wamejaa, ukiwahi kuwaambia rumu yako ina mtu anaisubiri, hawapotezi kitu. Ingekuwa Aprili, mvua inanyesha na nusu ya hoteli iko tupu, huyo dada angenihurumia vilevile lakini meneja wake sijui.

Ila sikutuma advansi kwa maneno ya wasapu, hapana. Nilimwomba imeili kutoka anwani rasmi ya hoteli, iandike namba ya bukingi, kwamba hoteli imekubali ifutwe bila makato yoyote. Ikaja. Nikaipiga skrinshoti nikaiweka kwenye chati ya apu, nikapiga simu, safari hii nikamwambia yule wa kastama kea asitume ombi jingine, awapigie hoteli mimi nikiwa hewani, namba hii, dada yuko mezani kwake anasubiri. Akaniweka muziki, akarudi, imekubaliwa. Mambo yaliyonihangaisha wikiendi nzima yakaisha mzee akiwa bado hajaruhusiwa. Bukingi ikageuka imefutwa, makato 0, ndipo nikawalipa hoteli 550,000 yao.

Benki niliwapitia kabla ya hapo, nikiwa nimekata tamaa, kuuliza kama wanaweza kupinga yale malipo ya kadi. Dada wa dirishani alinijibu kwa ukweli, akasema kupinga ni pale umekatwa bila ruhusa au umelipia kitu hukupewa, wewe rumu ilikuwepo inakusubiri na masharti uliyakubali, tutalipeleka ukitaka lakini usitegemee. Afadhali aliyeniambia hivyo kuliko angenijazisha fomu. Rifandi ilichukua muda wake kuingia, siku za kazi si unajua, na iliingia pungufu kidogo kwa sababu kadi ilikatwa kwa dola na kurudi ikarudi kwa kiwango cha siku nyingine. Hiyo sijaipigania.

Mtaniambia bima. Bima za safari tunazouziwa huku nyingi ni za watu wanaotoka nje ya nchi. Ile ya viza ya Schengen kwa mfano, lazima iwe ya angalau euro 30,000, lakini kinachotakiwa pale ni matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani ukiumwa au ukifa, hoteli yako ya Paris haimo mpaka ununue inayosema wazi kwamba inalipa safari iliyofutwa. Na hapohapo kwenye viza, usilipie hoteli isiyorudishwa kabla hujaiona viza kwenye pasi, tafuta ya kukanseli bure, ubalozi ukikunyima hakuna daktari wa kukuandikia karatasi. Zanzibar nao tangu Oktoba 2024 wana bima yao ya lazima ya dola 44, ila hiyo ni ya wageni wa nje, sisi wa bara hatumo. Ukinunua yoyote ile soma kifungu cha ugonjwa uliokuwa nao tangu mwanzo, presha na sukari za wazazi wetu ndizo zinazotupwa nje hapo, na uinunue mapema, mtu akishalazwa imeshapita.

Na wanaokumbuka korona, 2020 watu wengi walirudishiwa bila maneno, wasitegemee ile. Ile mipaka ilifungwa dunia nzima. Kidole tumbo ni cha kwako peke yako. Airbnb kwa mfano wana sera ya majanga makubwa, humo kuna vita, milipuko ya magonjwa, vimbunga, lakini mgeni mwenyewe kuugua ghafla hakumo, hapo unarudi kwenye masharti ya mwenye nyumba na unaanza kumbembeleza kama nilivyobembeleza mimi.

Bei isiyorudishwa nitaichukua tena? Nikiwa nabuki leo nalala kesho, ndiyo, haraka sana. Kwa tarehe ya mbali napiga simu hotelini kwanza niulize bei ya mkazi na masharti yao, apu naitumia kutazama picha na kusoma waliolala pale wanasemaje.

Tiketi za boti wala hazikuwa na kesi. Nilimtuma bodaboda ofisini kwao na kopi ya karatasi ya hospitali, wakachukua faini ndogo wakaacha tarehe wazi.