Chati ya mwili wa binadamu kwa Kiswahili: picha safi, majina yanahitaji kalamu

Chati hii ya ukutani ya ukubwa wa A1, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule, imechorwa kwa ustadi. Ini liko kulia, wengu kushoto chini ya mbavu, kongosho nyuma ya mfuko wa chakula. Umio na koo la hewa vimetenganishwa vizuri, na pingili za uti wa mgongo zinahesabika: 7 za shingo, 12 za kifuani, 5 za kiunoni. Kwa shule ya msingi inatosha. Kwa zahanati au chuo cha uuguzi, irekebishwe kwanza.

Kosa zito ni "mrija wa mkojo", jina lililopewa viungo viwili. Mirija inayoshuka kutoka kwenye figo hadi kibofu ni miwili, kila mmoja una sentimita 25 hadi 30. Unaotoa mkojo nje ni mmoja: kwa mwanamke sentimita 4 hivi, kwa mwanamume karibu 20. Jiwe likikwama ule wa juu, maumivu hushika ubavuni yakashukia kinenani. Wa chini ukiambukizwa, mtu huungua akikojoa. Kwa kalamu ya wino usiofutika, andika "ureta" juu na "urethra" chini.

"Mshipa" nao umebebeshwa kila kitu. Sindano ya dripu huingia kwenye vena, inayorudisha damu moyoni; mapigo hupimwa kwenye ateri, inayotoa damu moyoni; na ganzi ya vidole mara nyingi ni shauri la neva, inayopeleka hisia kwenye ubongo. Chati inaviita vyote mshipa. Tena mtaani mshipa ni ngiri pia, kwa hiyo mgonjwa akisema mshipa unamsumbua, aulizwe ni wapi kabla ya kuandikiwa chochote. Ateri ya mapafu imepakwa rangi nyekundu. Ipakwe bluu, kwani hupeleka mapafuni damu yenye oksijeni kidogo.

Kinachosikitisha zaidi ni upande wa uzazi wa mwanamke: mshale mmoja tu, "nyumba ya uzazi". Ovari hazina jina, mirija ya uzazi haina, na shingo ya kizazi haikuonyeshwa kabisa. Muuguzi anayewaeleza kina mama kipimo cha saratani ya shingo ya kizazi hana pa kuweka kidole.