Windows siipendi, ila na WSL2 tumeelewana

Mimi ni mtu wa Ubuntu tangu chuo, yaani aina mojawapo ya Linux, mfumo wa kompyuta unaotumika badala ya Windows; Windows nilikuwa naigusa tu nikitaka kuprinti kitu stationary. Sasa kazi mpya wakanipa laptopu ya ofisi, Windows 11, RAM giga 8, na jamaa wa IT akaniwahi kabisa: kuifuta hakuna, humo kuna programu za mahesabu ambazo kwenye Linux haziendi. Haya, tutaishi humo humo.

Cha kwanza nikaweka WSL2, kitu cha Microsoft cha kuendesha Linux ndani ya Windows. Unafungua PowerShell, lile dirisha la kuandikia amri, kama admini, unaandika wsl --install, unaristati, tayari una Ubuntu ndani ya Windows, na sio maigizo, ni keneli, yaani kiini cha Linux chenyewe, inaruni kwenye mashine pepe ndogo. Bando tu uliandae.

Wiki ya kwanza nusura niitukane. Napiga npm install, amri ya kushusha vifurushi vya kodi vya mradi, naenda kununua chai, nakunywa, narudi bado inasaga, git status nayo, ya git inayotunza mabadiliko ya mradi, inawaza kwanza ndo ijibu. Kumbe kosa langu mwenyewe, mradi nilikuwa nimeuacha kule Desktop, yaani /mnt/c, diski ya Windows inavyoonekana ukiwa Linux, kwa hiyo kila faili linalosomwa lazima livuke kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na node_modules, folda la hivyo vifurushi, unaijua ilivyo, vifaili maelfu kwa maelfu. Nikauhamishia /home, kule kwenye Linux, git status ikawa inajibu hata kidole sijatoa kwenye enta. Naona wengi wanakwama hapo hapo alafu wanasema WSL mbovu.

Kuhama kwenyewe nako nilifanya kivivu, nikakopi mafaili yaliyoshushwa na git ya Windows. Naruni skripti, napata bad interpreter: /bin/bash^M. Hiyo ^M ni alama ya mwisho wa mstari ya Windows, git ilikuwa inaipachika kwa sababu siku ya kuiinstoli nilibonyeza neksti neksti tu bila kusoma. Nikafuta folda, nikashusha mradi upya kwa git ya ndani ya Ubuntu, kimya.

RAM sasa. WSL2 usipoiambia kitu ina ruhusa ya kula mpaka nusu, na kwa giga 8 ukiwa na Chrome ya tabu 20 hiyo ni vita. Nikatengeneza faili la .wslconfig kwenye folda yangu ya Windows, nikaandika [wsl2], mstari unaofuata memory=3GB, kisha wsl --shutdown ili ikiwaka tena isome upya. Feni ikapunguza kelele.

Vingine ni vidogo ila vinatuliza roho. VS Code, programu ya kuandikia kodi, unasimama kwenye folda la mradi unaandika code . inafunguka ikiwa imeshaunganishwa na Linux, Windows Terminal ina tabu kama watu wengine, na PowerToys, ya bure, inakupangia madirisha kwenye skrini na kukubadilishia vitufe. Mimi Caps Lock nimeigeuza Ctrl, kidole kidogo hakijinyooshi tena.

Tatizo limehamia nyumbani. Juzi nimekaa na Ubuntu yangu ya siku zote, nimechagua aya nzima nikopi, nikabonyeza Caps Lock na C, aya ikapotea ikabaki herufi C kubwa peke yake.