Uzoefu wangu na seva ya mtumba: Dell R710 na Debian shuleni kwetu Mafinga

Nianze na jibu la swali kama seva kuukuu, yaani kompyuta kuu inayohudumia nyingine, bado inaifaa shule, maana najua wengi mnaosoma hapa mnalitafuta hilo kwanza. Ndiyo, seva ya muundo wa mwaka 2009 bado inafaa shuleni, tena inafaa sana, ikipata programu huria na ikipata mtu wa kuihudumia. Bila vitu hivyo viwili ni chuma tu, na chuma chenyewe kinakula umeme.

Nafundisha hisabati na kompyuta katika shule ya sekondari ya bweni hapa Mafinga. Seva tuliyopewa ni Dell PowerEdge R710, ile bapa ya kulaza kwenye rafu, yenye nafasi mbili za prosesa (ubongo wa kompyuta) na nafasi 18 za RAM (kumbukumbu ya muda). Yetu ilikuja na prosesa mbili za Xeon za familia ya 5600 na RAM ya GB 48, yaani vijiti sita vya GB 8. Aliyetupatia ni kampuni moja ya Dar es Salaam iliyokuwa inabadilisha vifaa vyake. Ilipandishwa basi, ikapanda mlima wa Kitonga, ikashushwa hapa stendi ikiwa imefungwa kwa blanketi. Ina uzito wa kilo 26 hivi ikiwa imejaa, kwa hiyo ukiambiwa uje kuipokea, nenda na mwenzako.

Kilichofika ni mwili mtupu. Diski zilikuwa zimetolewa zote, na hilo nalielewa: taarifa za wateja si za kugawa, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kila ofisi inajihadhari. Kilichoniumiza ni kwamba diski ziling'olewa pamoja na trei zake. Trei ni kipande cha bati na plastiki, hakina siri ya mtu yeyote, na bila trei diski haikai mahali pake. Reli za kuisukumia kwenye rafu nazo hazikuja. Nywila ya BIOS (programu ya ndani inayoiamsha mashine) hatukupewa, na aliyeiweka alikuwa ameshahama kazi. Kwa bahati nzuri R710 ina kijampa, yaani kiunganishi kidogo cha kuchomoa na kuchomeka, ndani kwenye bodi kuu ya saketi, ambacho ukikihamisha nywila inafutika. Maelezo yake yamo kwenye kitabu cha mwongozo ambacho Dell wamekiacha wazi kwa kila mtu kupakua, na kwa hilo nawashukuru.

Trei tulizipata Kariakoo. Diski tulinunua nne za TB 2 kila moja, aina ya SATA, na hapa sikilizeni vizuri mnaotaka kununua. Kadi ya RAID, yaani ile inayounganisha na kusimamia diski, iliyomo kwenye R710 nyingi ni PERC 6/i, na kadi hiyo haitambui diski iliyozidi TB 2. Ukiiwekea ya TB 4, itaona nusu. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, fungua mfuniko usome jina la kadi. Sisi diski mbili tumezifanya pacha kwa ajili ya mfumo, na mbili pacha kwa ajili ya maktaba. Moja ikifa, pacha yake inaendelea na kazi.

Rafu ya chuma ya kiwandani ni ghali, ila Mafinga mbao hazikosekani. Fundi seremala wa jirani alitutengenezea fremu ya paini, akaacha nyuma wazi kabisa kwa sababu R710 inavuta hewa mbele na kutoa joto nyuma. Akaongeza kimbao cha chini kinachobeba uzito badala ya reli. Iko imara mpaka leo.

Siku ya kuiwasha, feni zilinguruma kwa nguvu zote, wanafunzi wakarudi nyuma, halafu sauti ikashuka yenyewe. Kwenye uso wa R710 kuna kioo kidogo cha maandishi. Kikiwa cha bluu, mambo ni salama. Kikigeuka rangi ya chungwa, kuna tatizo, na maelezo yake yanapita hapo hapo. Chetu kiligeuka chungwa na kuandika W1228, maana yake betri ya kadi ya RAID imekaribia kuisha chaji. Betri hiyo inalinda data iliyo njiani kuandikwa umeme ukikatika. Ikifa, kadi inaacha kushikilia data na kuiandika moja kwa moja kwenye diski, jambo linalopunguza kasi ila haliharibu kitu. Kwa maktaba ya shule, ambayo inasomwa zaidi kuliko kuandikwa, hatujaona shida. Betri mpya tutanunua fedha ikipatikana.

Sasa nizungumzie mfumo, kwa sababu hapo ndipo seva hii ilipopata uhai wa pili.

Watengenezaji wakubwa wa mifumo ya seva wameshaiaga R710. Red Hat Enterprise Linux 8 iliondoa uwezo wa kutumia kadi ya PERC 6/i, na toleo la 10, lililotoka Mei 2025, linadai prosesa zenye maagizo ambayo Xeon hizi za zamani hazina kabisa. Debian, mfumo huria tunaoutumia sisi, haijafanya hivyo. Kwa mashine za biti 64, hata Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 inakubali prosesa hizi bila neno, na draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi yetu ya RAID bado imo ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo. Debian hutunza kila toleo kwa miaka mitano hivi ukijumlisha kipindi cha nyongeza, na haikudai leseni hata shilingi moja.

Kuna jambo la mtandao ambalo zamani lilikuwa linawakwamisha watu. R710 ina matundu manne ya mtandao ya Broadcom, na matundu hayo hayafanyi kazi mpaka yapewe fimwea (programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe) ambayo si huria. Matoleo ya Debian ya nyuma hayakuwa na fimwea hiyo kwenye diski ya kusimikia, kwa hiyo ulikuwa unaitafuta kwingine na kuileta kwa flashi. Mwaka 2022 wanachama wa Debian walipiga kura, wakakubali fimwea za namna hiyo ziwemo, na kuanzia Debian 12 ya Juni 2023 zimo. Mimi nilisimika 12, mtandao ukashika palepale, kisha baadaye nikapandisha kwenda 13. Nikifikiria shule iliyo mbali na mtandao mzuri, naona kura ile iliwasaidia watu ambao waliopiga kura hawatakutana nao kamwe.

Kazi kubwa ya seva yetu ni LTSP, programu ya kuwashia kompyuta nyingi kutoka kwenye seva moja. Maabara ina kompyuta za mezani ambazo nazo tulipewa, nyingi zikiwa na diski mbovu au hazina diski kabisa, na hakuna hata moja inayokidhi masharti ya Windows 11. Kwa LTSP hazihitaji diski. Mwanafunzi anabonyeza kitufe, kompyuta inaomba mfumo kupitia waya wa mtandao, seva inampelekea, na anaingia kwa jina lake na kuyakuta mafaili yake hata akikaa kompyuta nyingine. Nikitaka kuongeza programu, naiweka mara moja kwenye seva, natengeneza upya taswira (nakala ya mfumo ambayo kompyuta zinapelekewa), na kesho yake maabara nzima inayo. Zamani nilikuwa nazunguka na flashi kutoka meza hadi meza, na virusi vinazunguka nami. Pamoja nayo tunatumia Epoptes, inayonionyesha vioo vyote vya darasa kwenye kompyuta ya mwalimu. Mtoto akikwama kwenye fomula ya jedwali naona kabla hajanyoosha mkono.

Maktaba inaendeshwa na Kiwix na Kolibri. Kiwix inatupa Wikipedia nzima bila intaneti: ya Kiingereza yenye picha inafika GB 100 hivi, ya Kiswahili ni ndogo sana ukilinganisha. Kolibri ina mazoezi, video na hadithi, na uso wake una Kiswahili. Walimu wa Kiswahili wamezipenda hadithi za African Storybook, na tumeweka pia vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania. Jioni wakati wa prepu maabara inajaa. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alinifuata na karatasi aliyochora mzunguko wa damu kwa rangi tatu, akaniambia, "Mwalimu, hii nimeitoa kwenye ile maktaba yetu ya ndani, naomba uniangalizie kama valvu nimeziweka sawa." Nilimpeleka kwa mwalimu wa baiolojia. Kwa bando la simu asingeweza kukaa na mada ile jioni nzima.

Sasa umeme, ambao ndio udhaifu mkubwa wa mashine hizi. Mkuu wetu wa shule alinikalisha chini mapema: "Mwalimu, nakuelewa ukisema ni ya bure. Lakini LUKU haijui kwamba ni ya bure." Alikuwa na haki. Kioo kile kidogo cha mbele kinaweza kuonyesha wati zinazotumika sasa hivi, na chetu kilikuwa kinasoma 190 hivi. Ukiiacha usiku na mchana kwa mwezi ni uniti 137. Kwa bei ya kawaida ambayo shilingi 10,000 inaleta uniti 28 hivi, hiyo ni karibu shilingi 49,000 kila mwezi kwa mashine moja.

Tulifanya mambo mawili. Kwanza tulitoa prosesa moja. R710 inafanya kazi vizuri na moja, ila lazima ibaki ile ya nafasi ya kwanza, na RAM ihamishiwe yote upande wake, kwa sababu nafasi tisa za upande wa pili zinakufa na prosesa yake. Vijiti vyetu sita vilitosha. Wati zikashuka hadi 150 hivi, na darasani hakuna aliyeona tofauti, kwa kuwa kwa LTSP ya sasa kazi nyingi inafanywa na kompyuta ya mwanafunzi yenyewe. Pili, hatuiachi usiku. Inawashwa asubuhi, inazimwa baada ya prepu. Sasa gharama iko kwenye shilingi 21,000 kwa mwezi wa masomo, na bodi ya shule imeikubali. Kwa anayetaka kubaki na prosesa mbili, atafute Xeon L5640, ambayo inatumia wati 60 badala ya 95 za X5650.

Umeme ukikatika, UPS (betri ya akiba) inaipa taarifa seva kupitia waya wa USB, na programu ya NUT inaizima kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Msisimike seva bila hiyo. Diski pacha hazikuokoi na umeme unaokatika katikati ya kuandika.

Hali ya hewa ya huku ina faida yake, maana hatuhitaji kiyoyozi. Lakini Dell wanasema mashine ifanye kazi kati ya nyuzi 10 na 35, na asubuhi za Julai chumba chetu kinashuka chini ya 10, kwa hiyo tunangoja kipate joto kidogo ndipo tuwashe. Na vumbi la mbao ni adui wa kweli. Liko hewani mji mzima kwa sababu ya viwanda vya kupasulia, na linashika kwenye mapezi ya kupozea prosesa kama unga kwenye chekeche. Tumefunga kitambaa chepesi mbele ya fremu, wanafunzi wa klabu ya kompyuta wanakifua, na kila mwisho wa muhula tunafungua na kupuliza.

Kuna vitu vilivyochoka kabisa. Ukurasa wa kuisimamia kwa mbali, iDRAC6, unatumia usalama wa zamani ambao vivinjari vya sasa vinaukataa, na konsoli yake inadai Java. Tumeuacha, tunatumia SSH (njia ya kuiandikia seva amri kutoka kompyuta nyingine) kwa kila kitu, na kibodi na kioo vimechomekwa pembeni kwa dharura. Kelele nayo ipo, msiiweke chumba anachokaa mtu.

Je, kila shule iichukue? Hapana. Shule yenye kompyuta chini ya kumi inatosha kabisa kuweka Kolibri kwenye kompyuta moja ya mezani, au hata Raspberry Pi (kikompyuta kidogo sana), na kuokoa umeme. Seva kama hii inalipa pale penye maabara ya kompyuta ishirini na zaidi, mtandao wa waya, na mwalimu au fundi asiyeogopa kuandika amri.

Na ninyi mnaofanya kazi za TEHAMA kwenye mabenki, kampuni na ofisi za Dar, Dodoma na hapa kwetu nyanda za juu, kabla hamjamwita mnunuzi wa vyuma chakavu naomba mambo machache. Diski zinaweza kupanguswa kwa nwipe, ambayo ni programu huria, ikaachwa usiku kucha na ikatoa ripoti ya kumwonyesha mkaguzi. Kama sera yenu inalazimisha kuziponda, zipondeni, lakini trei ziacheni. Tieni na reli kwenye boksi. Futeni nywila ya BIOS na ya iDRAC siku ile ile mnapoizima mara ya mwisho, wakati anayeijua bado yupo ofisini. Na karatasi moja yenye jina la kadi ya RAID, idadi ya RAM na hitilafu yoyote mnayoijua ingetuokolea muda mwingi sana sisi tunaoipokea huku.