Kulala ndani ya gari ufukweni: Kaole au Ushongo?

Kama gari lako lina choo, jiko na tangi la maji, huna haja ya kulipia kambi. Kati ya hizi mbili, mimi ningekwenda Ushongo.

Kaole, kijiji jirani na mji wa Bagamoyo, inashinda kwa ukaribu. Bagamoyo ni kama kilomita 70 tu kutoka Dar es Salaam, na magofu ya msikiti wa karne ya 13 yako pale pale Kaole. Ila pwani yake ni mikoko na tope, na jioni mbu hawana huruma.

Ushongo, kusini mwa Pangani, ni mchanga na minazi. Ukitokea Tanga utavuka mto kwa kivuko hadi Bweni, kwa hiyo wahi kungali mchana. Egesha juu kabisa ya mstari wa maji kujaa, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Na tafadhali, zima taa za nje! Mayai ya kasa wa kisiwa cha Maziwe huhamishiwa ufukwe huu, na vitoto vyao hupotezwa na mwanga.

Kokote uendako, piga hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa. Maji ya choo ondoka nayo.